Puli ndogo kwenye pikapu: tazama kwanza raba ya dampa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumze na wenye pikapu wanaoshawishiwa kubadilisha puli za injini. Matangazo yanasema hivi: vua puli kubwa ya krenkshafti (shafti kuu ya injini, au krenki kwa kifupi), funga ndogo ya alumini, na zile farasi 10 au 15 zilizokuwa zikiliwa na altaneta, pampu ya maji na pampu ya usukani zitarudi kwenye magurudumu. Mafuta nayo, wanasema, yatapungua. Si uongo mtupu. Shida ni kwamba faida yake iko kwenye mizunguko ya juu ambako pikapu ya kazi haifiki mara nyingi, na hasara yake iko pale pale pikapu inaposhinda: mwendo mdogo, mzigo mgongoni, jua la mchana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Puli ya krenki yenye kipenyo cha milimita 180 ukiibadilisha na ya milimita 145, kila kinachovutwa na mkanda kinapungua kasi kwa zaidi kidogo ya asilimia 19. Pampu ya maji na feni husukuma maji na hewa, na nguvu zinazokula hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Punguza kasi kwa asilimia 19, na nguvu inayoliwa inashuka hadi karibu nusu. Hapo ndipo muuzaji anaposimamia. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema kwamba kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika vifaa hivyo vinakula sehemu moja tu kati ya 64 ya vinachokula kwenye 4,000. Tuseme pampu na feni vinakula farasi 5 kwenye 4,000: puli mpya itakurudishia farasi 2.4. Kwenye 2,000 vinakula farasi 0.6 tu, nawe utaokoa 0.3. Pikapu inayotumia farasi 30 kushikilia mwendo wake barabarani haitaisikia hiyo. Ni asilimia 1, na tairi zisizo na upepo wa kutosha zinaila yote.

Altaneta ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Gari likitaka ampea 40 kwa volti 14, hizo ni wati 560, na hazipungui kwa sababu puli ni ndogo. Rigeleta, yaani kidhibiti cha chaji, itaongeza mkondo kwenye rota (sehemu inayozunguka ndani ya altaneta) mpaka volti zirudi mahali pake, na injini italipa karibu gharama ile ile. Kinachookolewa ni msuguano wa beringi na upepo wa feni yake ya ndani, basi. Kinachopotea ni kikubwa zaidi. Ampea zilizoandikwa kwenye altaneta ni za mizunguko 6,000 ya altaneta yenyewe. Injini ikinguruma kwa 700 bila kukanyagwa mafuta, na puli ya altaneta ina milimita 60, puli ya zamani ya krenki ilikuwa inaizungusha 2,100. Puli mpya inaizungusha 1,690 hivi. Eneo hilo ndilo mchoro wa uwezo wa altaneta unapopanda kwa kasi, kwa hiyo asilimia 19 ya kasi inaondoka na zaidi ya asilimia 19 ya ampea. Sasa hesabu matumizi usiku wa mvua: taa zote ampea 12, pampu ya mafuta 6, plagi na nozeli na kompyuta 6, feni ya ndani ikiwa juu kabisa 18, klachi ya kompresa 4, waipa 5. Umeshavuka 50. Betri ndiyo itakayojazia pengo hilo kwenye foleni, nawe utaanza kulaumu betri.

Haya yote bado ni mambo madogo. Kubwa ni dampa.

Kila silinda inapowaka, krenkshafti inapigwa na kujipinda kidogo sana, halafu inarudi. Injini ya silinda 4 inapigwa mara 2 kwa kila mzunguko, ya V8 mara 4. Chuma hicho kina mtetemo wake wa asili, na mapigo yakiangukia kwenye mtetemo huo, msokoto unakua badala ya kufa. Ndiyo maana mbele ya krenki watengenezaji huweka dampa: kitovu cha chuma, raba, kisha pete nzito ya nje. Pete inachelewa, raba inasuguana na kugeuza mtetemo kuwa joto kidogo, na krenki inatulia. Dereva hahisi lolote kwa sababu mtetemo huu si wa injini kuruka kwenye maunti. Ni wa chuma kujisokota ndani kwa ndani. Ndiyo maana pia mtu anafunga puli ya alumini isiyo na raba, anawasha, anasikia injini nyepesi kuitika, anatangaza kwamba hakuna tatizo. Tatizo linakuja baadaye, na likija halijitambulishi: gia za pampu ya oili zinazokaa kwenye pua ya krenki, yaani ncha yake ya mbele, zinapasuka, bolti za flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) zinalegea, bolti ya krenki inajifungua, cheni ya taimingi inakula meno, na siku moja krenki inakatika kwenye kona ya jenali (sehemu yake inayozunguka ndani ya beringi). Wakati huo hakuna anayekumbuka puli.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, lala chini ya gari na tochi uitazame puli ya krenki kwa mbele. Kuna aina tatu. Ya kwanza ni puli ya bati au ya chuma iliyofungwa kwa bolti tatu au nne juu ya dampa. Ukiivua, dampa inabaki mahali pake. Chevrolet V8 ndogo za zamani ziko hivi. Hapa unaweza kubadilisha puli bila kuigusa dampa, na sina ugomvi na anayefanya hivyo kwa kufuata vipimo. Ya pili ni puli na dampa kuwa kitu kimoja: mifereji ya mkanda imechongwa kwenye pete ya nje yenyewe, na kati ya pete na kitovu kuna mstari mweusi wa raba, upana wake milimita chache. V8 za Chevrolet za familia ya LS (lita 4.8, 5.3 na 6.0 za kwenye pikapu) ziko hivi, na Ford za lita 4.6 na 5.4 kadhalika. Hapa puli ya alumini tupu maana yake ni kuitupa dampa. Kama lazima ubadilishe, tafuta dampa kamili yenye kipenyo kidogo, iliyotengenezwa kwa injini hiyo, yenye raba au kimiminika kizito ndani yake. Zilizokusudiwa mashindano huwa na alama ya SFI 18.1, kiwango cha usalama cha mashindano ya magari. Ya tatu ni puli ya kipande kimoja bila raba tangu kiwandani, kama kwenye baadhi ya injini ndogo za silinda 4. Huko hakuna dampa ya kupoteza. Wenye dizeli na wenye silinda 6 za mstari msijadili hata kidogo. Mapigo ya dizeli ni makali na krenki ya silinda 6 ni ndefu, dampa ibaki.

Kuna na suala la mizani, ambalo watu hulichanganya na dampa. Injini nyingine zimesawazishwa kwa uzito ulioongezwa kwenye dampa na flaiwili. Chevrolet za inchi za ujazo 400 na 454 ni mfano. Ford 302 ndiyo mtego mkubwa: za zamani zina uzito wa mizani wa aunsi-inchi 28, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikawa za aunsi-inchi 50, na dampa hizo mbili zinaingiliana bila shida yoyote kwenye krenki. Ukikosea, injini itatikisika mpaka vioo vya pembeni visionyeshe picha. Afadhali hii, maana inajionyesha siku ile ile.

Tukija kwenye kazi. Toa nguzo hasi ya betri. Piga picha njia ya mkanda kabla hujaulegeza, kwa sababu kibandiko kilichokuwa kwenye kava mara nyingi kimeshatoka. Kama feni imefungwa kwenye pampu ya maji, itoe pamoja na kava lake. Baadhi ya nati za klachi ya feni hufunguka kinyume, hivyo angalia kitabu kabla ya kuning'inia kwenye spana. Bolti ya krenki imekazwa sana. Gari la gia za mkono weka gia ya juu na mwenzio akanyage breki; la otomatiki zuia meno ya flaiwili kwa kizuizi chake. Ule mtindo wa kuegemeza spana kwenye chasisi na kupiga stata umewavunjia watu mikono na rejeta, uacheni.

Dampa ya kubanwa inatolewa kwa pula (kifaa cha kuvutia) inayoshika kitovu. Ukiishika pete ya nje unang'oa raba, na dampa nzima uliyotaka kuihifadhi kama akiba inakuwa takataka. Weka kipande cha chuma kirefu ndani ya tundu la krenki ili skrubu ya pula isile nyuzi. Ikishatoka, pitisha ukucha kwenye sehemu ya kitovu inayosuguana na oili sili (raba inayozuia oili isivuje). Ukikuta mfereji unaokwamisha ukucha, sili mpya peke yake haitazuia oili. Vika kitovu pete nyembamba ya chuma ya kurekebishia au weka kitovu kipya. Sili yenyewe badilisha, kazi imeshafika hapo.

Puli mpya ipime kabla ya kuipeleka kwenye krenki: tundu la ndani, kina cha kitovu, idadi ya mifereji, na umbali kutoka uso wa kitovu hadi mfereji wa kwanza, ukilinganisha na ya zamani juu ya meza. Angalia pia kama ya zamani ina meno ya kusomwa na sensa ya krenki, au alama za taimingi. Puli nyingi za alumini hazina, na kwenye injini ambayo moto wake hutegwa kwa taa ya taimingi utabaki huna pa kusomea.

Usipige nyundo. Beringi ya msukumo, inayozuia krenki isisogee mbele na nyuma, hubeba kila pigo. Usivute dampa kwa bolti yake ikiwa imeshika nyuzi mbili tatu tu. Nyuzi za krenki zitatoka, na hapo gharama imehamia kwingine kabisa. Tumia kifaa cha kusukumia chenye skrubu ndefu, upake oili kidogo kwenye pua ya krenki na kwenye mdomo wa sili. Kwa Ford za 4.6 na 5.4 zenye kii (kipande cha chuma kinachozuia dampa isizunguke juu ya krenki), weka tone la silikoni kwenye mfereji wa kii upande wa ndani, vinginevyo oili itapita hapo. Kwa LS, bolti ya zamani hutumika kukalisha dampa kwa 330 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), inatolewa, kisha bolti MPYA inakazwa 50 Nm na kuongezwa digrii 140. Bolti hiyo inanyooka ikikazwa na haitumiki mara ya pili. LS haina kii, na mbano huo ndio peke yake unaozuia dampa isizunguke juu ya krenki. Ford hizo: 90 Nm, legeza mzunguko mmoja, rudi 50 Nm, ongeza digrii 90. Injini nyingine fuata kitabu chake. Spana ya hewa haijui namba hizi.

Mkanda wa zamani hautafaa kama umepunguza puli ya krenki pekee. Kadirio la haraka: tofauti ya vipenyo zidisha kwa 1.57, ikiwa mkanda unazunguka nusu ya puli. Kwa mfano wetu, 35 mara 1.57 ni milimita 55. Mkanda wa 6PK2200, yaani mifereji 6 na urefu wa milimita 2,200, unakuwa 6PK2145. Ukishaufunga, tazama mshale wa kikaza mkanda. Uwe katikati ya alama zake mbili, usigote upande wowote. Mafundi wengi huishia kwenye "umekaza", lakini kikaza kilichogota hakikazi chochote mkanda ukipata joto na kurefuka.

Weka rula ya chuma kwenye nyuso za puli uone kama ziko kwenye mstari mmoja. Milimita moja na nusu nje ya mstari tayari ni nyingi. Kelele zenyewe zinakueleza: mlio mfupi mfupi kama wa kifaranga ni puli kutokuwa mstari mmoja, mlio mrefu unapokanyaga mafuta ni mkanda kuteleza. Kama huna uhakika, nyunyiza maji kidogo upande wa mifereji ukiwa mbali na feni. Mlio ukikoma kwa muda, tafuta puli iliyopinda. Ukizidi, mkanda haujakazwa au puli mpya ni ndogo mno na mkanda hauna pa kushika.

Wapo wanaotibu chaji kwa kuweka puli ndogo kwenye altaneta pia. Kurudisha uwiano wa 3 kwa 1 kwenye krenki ya milimita 145 unahitaji puli ya milimita 48. Inafanya kazi, ila mkanda unashika eneo dogo zaidi na unachakaa mapema. Siku ukirudisha puli ya krenki ya milimita 180 ukaisahau hiyo ya 48, injini ikifika 6,000 altaneta itazunguka 22,500, wakati nyingi zimetengenezwa kuvumilia kama 18,000. Rota hupasuka.

Puli ya pampu ya usukani sishauri kuigusa kwenye pikapu. Imebanwa kwenye shafti, hutoka na kuingia kwa kifaa chake maalumu, na anayeipiga nyundo huvunja pampu kwa ndani bila kuona. Zaidi ya hapo, baadhi ya pikapu nzito breki zake husaidiwa na oili ya pampu hiyo hiyo ya usukani, hazina busta ya vakyumu. Kupunguza kasi ya pampu ni kupunguza msaada wa breki wakati gari linashuka na mzigo injini ikiwa chini. Vivyo hivyo dizeli nyingi hubeba pampu ya vakyumu mgongoni mwa altaneta. Wewe unadhani umepunguza kasi ya chaji, kumbe umepunguza na vakyumu ya breki. Jaribio ni rahisi: injini ikinguruma bila mafuta, kanyaga breki mara tano mfululizo kwa haraka. Pedali ikianza kuwa ngumu kabla hujamaliza, na haikuwa hivyo kabla ya kazi, rudisha puli za zamani siku hiyo hiyo.

Majaribio mengine yafanywe kabla na baada, la sivyo huna cha kulinganisha. Washa taa, feni ya ndani, ubaridi na waipa, acha injini ingurume dakika 10, pima volti kwenye nguzo za betri. Kati ya 13.5 na 14.5 ni salama. Ikishuka chini ya 12.8 betri inaliwa. Kisha acha gari limesimama juani na ubaridi ukiwaka kwa nusu saa, ukiangalia joto la maji. Feni inayovutwa na mkanda imepungua kasi pamoja na pampu, kwa hiyo rejeta imepoteza maji na hewa kwa pamoja. Pikapu iliyokuwa ikichungulia kuchemsha mlimani sasa itachemsha kweli. Baada ya kilomita 500 kagua mkanda, bolti za puli na dalili ya oili nyuma ya dampa.

Kwa wauzaji nina ombi moja. Waandike kwenye kasha kipenyo cha puli ya zamani na cha mpya, idadi ya mifereji, urefu wa mkanda unaotakiwa, na kama kifaa kina dampa au hakina. Kwa sasa makasha mengi yana picha ya gari la mashindano na namba ya farasi tu. Mpaka hapo, mnunuzi aende dukani na vipimo vya puli yake ya zamani kwenye karatasi, na akiambiwa "hii inaingia gari zote," aulize raba iko wapi.

Fundi makenika,
Msomaji wako